Mapafu ya Satini

Kwangu mimi kila kitu kina pacha wake. Mkono wa shati una mwenzake, mguu wa suruali una mwenzake, kola ina upande huu na upande ule. Fundi cherehani mwenye akili zake hakati mara mbili: anakunja kitambaa katikati, anapiga chaki upande mmoja tu, mkasi unapita, na pande mbili zinatoka sawasawa. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na hajazaliwa mteja aliyetoka dukani kwangu na shati lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Anayebisha aje na futi yake.

Sasa ngoja niwaeleze nilivyoumbuka.

Mdogo wangu wa mwisho ni muuguzi, na alikuwa ameomba kazi ya ualimu katika chuo cha wauguzi. Kwa kichwa hana mpinzani. Sauti ndiyo hana. Akisimama mbele ya watu, utadhani anaongea na kifungo cha blauzi yake. Alipofundisha somo la majaribio mara ya kwanza alianguka. Mkaguzi aliandika kwamba safu ya nyuma haikusikia kitu. Akapewa nafasi moja ya kurudia, Alhamisi saa tatu asubuhi. Akianguka tena, kazi inakwenda kwa mwingine.

Somo lilikuwa mfumo wa upumuaji. Mfano wa plastiki wa chuo ulikuwa umepasuka, kwa hiyo akaja kuniomba nimshonee wa kitambaa. Nilicheka. Mtu aliyeshona magauni ya harusi yenye mikia ya mita nne atashindwa na mapafu?

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Bomba la hewa nililitengeneza kwa kipande cha mpira wa mashine ya kufulia, ule wenye mikunjo, kwa sababu mdogo wangu alisema bomba la hewa lina mapingili magumu yanayolizuia lisibonyee. Mapafu yenyewe nilikata satini ya waridi, nikatia pamba, nikaweka zipu ili yafunguke. Ndani nikashona vishada vya shanga ndogo ndogo, ndivyo vifuko ambamo hewa inakutana na damu. Nje nikazungushia bitana ya hariri mara mbili, maana aliniambia kila pafu limevikwa utando wa tabaka mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine. Hapo nilimwelewa mara moja. Hata koti zuri lina bitana. Chini nikavuta kitambaa cha mpira, ndicho kiwambo, ule msuli unaoshuka mtu akivuta pumzi na kupanda akiitoa. Mwisho nikashona moyo wa taulo jekundu, ukubwa wa ngumi.

Alhamisi saa moja na nusu mdogo wangu akaingia dukani amevaa viatu vya kuazima. Akaupapasa mfano, akafungua zipu, akafunga. Akatabasamu. Kisha akachukua moyo akajaribu kuuweka mahali pake. Ukadondoka. Akajaribu tena. Ukadondoka tena, ukabingirika hadi chini ya cherehani.

"Dada," akasema, "haya mapafu yamelingana."

"Asante."

"Hayatakiwi kulingana."

Nikadhani anatania. Akauchukua mezani kwangu ule mchoro aliokuwa ameniachia, akanionyesha. Na kweli, ukitazama wote, pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, tena ni dogo na limebonyea ubavuni kuupa moyo nafasi. Lakini mimi niliutazama nusu. Fundi akishaona upande mmoja, wa pili anaujua! Nilikuwa nimekunja satini katikati, nikakata mapafu mawili ya kulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mara mbili."

"Lini? Cherehani ikiwa inakwenda? Ungekuwa na sauti ya mtu mzima ningekusikia!"

Neno likishatoka halirudi kooni. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, nami nikatamani kujifunga mdomo kwa uzi. Kati ya watu wote, mimi ndiye niliyekwenda kumgusa pale pale panapouma. Nikashika kifumulio nianze kufumua, lakini zipu nilikuwa nimeipiga mishono miwili miwili kwa sababu ya sifa zangu. Ningemaliza saa sita mchana.

"Nipe mkasi," akasema.

"Utaharibu."

"Dada, nipe mkasi."

Nikampa. Sikutarajia angeutia mkobani. "Twende," akasema, "wewe ubebe mapafu."

Darasani walikuwa wanafunzi thelathini, na pembeni alikaa mkaguzi, mama mmoja muuguzi wa siku nyingi ambaye chuo kizima kinamwita Bi Saa kwa vile haachi kutazama saa yake. Mimi nikasimama mlangoni. Mdogo wangu alianza na pua, vile vinyweleo vinavyokamata vumbi, na jinsi hewa inavyopata joto na unyevu humo. Mambo mazuri, lakini alikuwa anaviambia viatu vya kuazima. Safu ya nyuma walinyoosha shingo. Bi Saa akaandika kitu.

Alipofika kwenye mapafu, akamwita mwanafunzi mmoja mrefu aje aweke moyo. Ukadondoka. Darasa likacheka.

"Kwa nini unadondoka?" akauliza, taratibu.

"Fundi amekosea, mwalimu," akajibu yule mrefu, na kicheko kikaongezeka. Masikio yangu yaliwaka moto.

Mdogo wangu akachora kwa chaki kwenye pafu la kushoto, akatoa mkasi. Naapa nilijikaza. Lakini alipoutumbukiza kwenye satini yangu, tena kimshazari, sikuweza.

"Usikate hapo!" nilipiga kelele kutoka mlangoni. "Utapasua bitana! Kata ndani ya chaki!"

Watu wote wakageuka. Mdogo wangu akageuka naye, mkasi mkononi, na kumbe hasira zake mama yetu hakunirithisha mimi peke yangu.

"Dada! Hapa mimi ndiye fundi! Mwili haukukunjwa katikati ukakatwa! Kulia sehemu tatu, kushoto mbili, na hapa panabonyea kwa sababu moyo unakaa hapa, upende usipende!"

Madirisha yalitikisika. Safu ya nyuma wakakaa wima. Nikamjibu kwamba basi angalau bomba la hewa linagawanyika sawa, matawi mawili, moja huku moja kule. Nilisema kwa ubishi tu.

"Hata hayo si sawa!" akasema. "La kulia ni pana zaidi na limesimama zaidi. Ndiyo maana mtoto akipaliwa na punje ya karanga, mara nyingi mtaitafuta upande gani?"

"Kulia!" darasa likaitika.

Basi, hakushuka tena. Sauti ilikuwa imepata njia. Alikata pafu, shanga zikamwagika sakafuni, akazifanya somo: vifuko vya namna hii vimo mamilioni, na kuta zake ni nyembamba kuliko uzi wowote dukani kwa dada. Alikivuta kiwambo chini, akakiachia. Moyo ukakaa mahali pake, haukudondoka. Satini ya watu ilining'inia nyuzi nje kama tambara, nami sikujali hata kidogo.

Bi Saa alisimama. Kwa mara ya kwanza hakutazama saa.

"Huko nyuma, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Hata jikoni wamesikia," akasema. Akamgeukia mdogo wangu. "Jumatatu uanze kazi."

Hapo nikaangua kilio. Sikulia kistaarabu na leso. Nililia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, hadi kwikwi ikanikaba. Hik! Nikaziba mdomo. Hik! Wanafunzi waliokuwa wameanza kukusanya madaftari wakaniangalia kwa huruma. Mdogo wangu akanijia mbio. Nikafungua mikono nimkumbatie.

Hakunikumbatia. Alinishika mabega, akanigeuza niwatazame watu, akaweka kiganja chini ya mbavu zangu.

"Hakuna kutoka!" akawaambia. "Rudini, sogeeni hapa wote. Wa nyuma pia. Kwikwi ndiyo hii: kiwambo kinachoruka chenyewe, mmekipata mubashara. Dada, tulia, endelea kulia."