Meno Mapya ya Metroni

Mama mkwe wangu alikuwa metroni wa wodi ya wazazi kabla hajastaafu, na mpaka leo mtaa mzima humwita Metroni, hata wanawe. Mimi tu ndiye ninayemwita mama, maana mkwe hana ruhusa ya kuzoea. Mimi ni fundi wa friji. Nimemwoa binti yake, mwalimu wa hesabu, na katika familia ile kazi zangu ni mbili: kuendesha gari na kunyamaza.

Meno ya Metroni yalimuaga moja moja, kama wageni wanaoondoka harusini, hadi akabaki na matatu ambayo yenyewe hayakuwa yakikutana. Karibu miaka miwili aliishi kwa uji, viazi vya kuponda na supu. Mbele ya watu hakulalamika. Lakini siku moja nilimkuta jikoni akimtazama paka anayetafuna mfupa, na jicho alilomtupia halikuwa la mapenzi.

Hatimaye wanawe wakachanga. Yale matatu yakang'olewa, fizi zikapona, na Alhamisi moja nikampeleka kuchukua seti nzima, juu na chini. Fundi wa meno alimshikia kioo. Mama mkwe akatabasamu upande wa kushoto, akatabasamu upande wa kulia, kisha akayagonganisha, ta-ta-ta, kama mtu anayebisha hodi.

"Mama, wiki ya kwanza uanze na vitu laini," fundi akamwambia.

"Mwanangu," akajibu, "ukinitajia laini tena, nitaanza na wewe."

Tatizo likawa mlo wa kwanza ukaliwe wapi. Jioni ile familia ilikusanyika sebuleni kwake. Shemeji yangu, kifungua mimba wa Metroni, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima na tunamwita Bosi. Yeye alitaka mama apelekwe kwenye mgahawa mmoja ulioko ghorofa ya juu kabisa ya jengo la vioo, ambako bila kuweka nafasi mapema mlango huuoni. Mke wangu alitaka kwenye mgahawa wa kuku wenye matawi kila kona ya mji, ule ambao ukiingia tawi hili ukatokea tawi lile huwezi kujua kwamba umehama.

"Metroni hawezi kuzindulia meno kwenye trei ya plastiki," Bosi akasema.

"Na kule kwenu watampa sahani kubwa kama tairi na chakula kidogo kama kidonge," mke wangu akajibu. "Nipige hesabu? Kwa bei ya kijiko kimoja cha kule, huku unapata kuku mzima na soda."

"Hujui unacholipia. Unalipia ujuzi. Unalipia mtu akujali, ajue umekaa wapi na unataka nini. Huko kwenye kuku wako hata anayekuuzia hakutazami usoni."

"Mimi nikila sihitaji kutazamwa. Nahitaji kushiba."

"Kushiba! Hata ng'ombe hushiba."

"Na ng'ombe hadaiwi bili!"

Niliangalia dari. Metroni alipiga meza kwa kiganja, na sote tukakaa sawa kama wanafunzi wauguzi.

"Tutakwenda kote kuwili," akasema. "Jumamosi kwa Bosi, Jumapili kwa mwalimu. Nitakula, nitapima, nitatoa hukumu. Atakayeshindwa hatafungua mdomo wake juu ya chakula katika nyumba hii mpaka mwakani."

Jumamosi, saa saba mchana, tukapanda lifti. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe na kigumu kwa wanga, hata nikaogopa kuweka kiwiko. Kila mtu alipangiwa uma tatu, na sikujua nianze na upi, kwa hiyo nikawa namwangalia Bosi. Nikagundua kwamba Bosi naye anamwangalia mtu wa meza ya pili. Mhudumu wetu alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni na sauti ya chini, kama ya mtu anayetoa pole.

"Karibuni sana. Tunaanza na povu la karoti."

"Povu?" Metroni akauliza.

"Ndiyo, mama. Povu."

"Sisi wodini povu tulikuwa tunalipangusa."

Bosi akakohoa. Metroni akachota kijiko, akakitia mdomoni, akafunga meno. Akasubiri. Akatazama gauni lake, akatazama sakafu.

"Limekwenda wapi?"

"Ndiyo uzuri wake, Metroni," Bosi akasema.

Ikaja supu ya njegere kwenye kikombe cha ukubwa wa kile cha kupimia dawa. Kisha samaki: kipande cheupe katikati ya sahani, kimezungukwa na vitone vya mchuzi wa kijani, ambavyo Metroni alijaribu kuvifuta kwa kitambaa akidhani sahani haikuoshwa vizuri. Alikata kipande, akafungua kinywa kama mtu anayekwenda vitani, akauma. Ta! Meno ya juu yakakutana na ya chini, katikati hakuna kitu.

"Amekimbia," akasema.

"Anayeyuka mdomoni, Metroni. Huo ni ufundi wa hali ya juu."

"Barafu nayo inayeyuka, mwanangu. Mimi nimekuja na meno." Akamgeukia mhudumu. "Baba, jikoni kwenu hamna hata mfupa?"

Mhudumu hakucheka. "Ipo, mama. Lakini ile tunaichemshia mchuzi."

"Basi mimi mngenipa meza huko huko jikoni."

Kilichomwokoa ni mkate. Ulikuwa na ganda gumu, na Metroni aliushambulia kwa kelele zilizowageuza watu wa meza tatu. Kikapu kikaisha. Kabla hajasema neno, mhudumu akaleta kingine. Mke wangu alinikanyaga mguu kwa furaha. Bili ilipoletwa, Bosi aliikunja haraka na kuitia mfukoni kama mtu anayeficha barua ya mchumba. Mimi hata sikumbuki nilichokula. Nilikuwa nashughulika na uma.

Jumapili tukaenda kwenye kuku. Foleni ilifika mlangoni, watoto walikuwa wakipigania kiti, na viti vyenyewe vimefungwa sakafuni kwa bolti, utadhani kuna aliyewahi kutoroka navyo. Binti wa kaunta, mwenye kofia nyekundu, alipokea oda yetu macho yote kwenye skrini.

"Unaona?" Bosi akaninong'oneza. "Ungekuja na kichwa cha mbuzi asingejua."

Lakini Metroni alipoliuma paja la kwanza, mjadala ulikoma. Ule mlio! Ngozi ilivunjika kama bati likikunjwa, naye akafumba macho. Akauma tena. Akatafuna taratibu, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayetembelea vyumba vya nyumba yake baada ya safari ndefu. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akiwa na furaha namna ile, na wakati wa harusi yangu nilikuwepo.

Mke wangu alikaa kifua mbele. Bosi alijaribu kula kuku wake kwa uma wa plastiki; uma ukavunjika; akatumia mikono; akamaliza vipande viwili, akachukua cha tatu.

"Nafanya uchunguzi," akasema.

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Fizi za Metroni zilianza kumuuma, maana fundi alimwonya naye hakusikia. Akageukia ukutani kwa siri, akayavua meno, akayafunga kwenye tishu, akayaweka kwenye trei yake. Hakuna aliyeona. Mimi nikaona bango ukutani: Asante kwa kusafisha meza yako. Nikajiambia, leo mkwe naye aonekane. Nikazibeba trei zote, moja juu ya nyingine, nikamwaga mifupa, vikombe na tishu kwenye pipa, nikarudi nikijipangusa mikono.

Tulikuwa tayari kwenye gari nilipomwona kwenye kioo, amejifunika mdomo kwa mtandio.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya mapengo. "Meno yangu umeyaweka wapi?"

Kuna maswali ambayo mwili huyajibu kabla ya mdomo. Nilirudi ndani mbio, na pipa nikalikuta limevishwa mfuko mpya, safi kabisa.

"Dada," nikamwambia yule binti wa kaunta, "nimetupa meno ya mama mkwe wangu."

Kwa mara ya kwanza alinyanyua macho. Akanitazama mimi, akatazama mlangoni, ambako Metroni alikuwa ameshanifuata na mtandio wake, akavua kofia.

"Yote?"

"Juu na chini."

Alicheka? Alicheka, na nusu ya foleni ikacheka naye. Lakini alikuwa ameshavaa glavu. Akamwita msimamizi wa tawi, wakaburuta mifuko ya taka mpaka uani, wakatandaza karatasi kubwa ya nailoni, wakamwaga. Tukapiga magoti. Mke wangu alipanga mifupa mafungu mafungu kwa utaratibu wa kihesabu. Bosi alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachimba kwenye kachumbari na mchuzi wa nyanya huku akisema, "Naanza kuelewa kwa nini watu hukata bima." Metroni alisimama juu yetu akielekeza kwa kidole, kama wakati wa ukaguzi wa wodi. Wateja wakaacha kula, wakaja dirishani.

Aliyeyapata ni yule yule binti. Aliinua tishu juu kama kombe la mpira. "Haya hapa!" Watu wakapiga makofi. Akayaosha kwa maji ya moto, akayafunga kwenye kiboksi cha kuku, akampa Metroni kwa mikono miwili.

"Samahani, bibi. Ya chini yamepasuka kidogo."

Yalikuwa yamepasuka katikati. Fundi wa meno, tulipomfikia kesho yake, aliyageuza mkononi, akanusa, na kwa busara hakuuliza kitu. Alitaka wiki moja. Metroni akarudi kwenye uji.

Siku mbili sikuthubutu kupita nyumbani kwake. Jumatano simu yangu ikalia nikiwa nyuma ya friji la muuza samaki.

"Mkwe wangu, una kazi?"

"Kidogo, mama. Kompresa ya—"

"Iache. Njoo na gari. Na usimwambie mke wako."

Nilimkuta mlangoni amevaa gauni la Jumamosi. Akaketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

"Kule juu," akasema, akilielekezea jengo la vioo kidevu.

Mchana wa katikati ya wiki meza nyingi zilikuwa tupu. Mhudumu mwenye mvi alimtambua hapo hapo. "Karibu tena, mama." Metroni aliitikia kwa kichwa, mdomo ameufumba. Mhudumu alimtazama mara moja tu. Hakuuliza. Aliondoa visu na uma kimya kimya kana kwamba vilikosewa kuwekwa, akaacha vijiko, na mkate ulipokuja ulikuwa umetolewa maganda, umebaki ule wa ndani, laini, na bakuli la supu kando yake.

Povu la karoti likaja. Safari hii Metroni hakuliuma. Aliliacha mdomoni kwa muda mrefu, macho dirishani. Nami, kwa kuwa sikuwa na uma wa kuniogopesha, nikaonja. Lilikuwa karoti, kweli, lakini karoti kama nilivyoionja nilipokuwa mtoto, nikiing'oa shambani na udongo wake. Samaki alikuwa na limau, na moshi kwa mbali, na kitu kingine nyuma ya moshi ambacho sikukijua jina.

"Jumamosi nilimwonea huyu samaki," Metroni akasema.

"Ulimwonea, mama?"

"Nilikuja na ugomvi wangu na meno yangu. Yeye hakuwa na kosa." Akaramba kijiko. "Haya, nijibu. Bei yake inafaa?"

Nilijua huo ni mtego. "Mama, kwa pesa hii napata kompresa."

"Sikukuuliza habari za kompresa."

"Inafaa," nikakiri. "Lakini yule binti wa Jumapili alipiga magoti kwenye taka, na hakuna aliyemlipa kwa hilo."

"Hilo nalo ni kweli," akasema, na nikaona limemsumbua.

Mhudumu alipokuja kuchukua sahani, alimzuia. "Baba, niambie ukweli. Siku yako ya mapumziko, wewe na familia mnakula wapi?"

Mtu yule aligeuka akatazama mlango wa jikoni. Kisha akainama, na sauti yake ya pole ikashuka zaidi.

"Kwenye kuku, mama. Tawi la hapo chini. Watoto hawataki kusikia pengine."

Metroni aliangua kicheko, mdomo wazi, fizi zote nje, bila mtandio wala aibu, na mhudumu naye akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Bili aliilipa mwenyewe, kutoka kwenye mkoba wake. Nilipojaribu kuugusa mfuko wangu alinipiga kofi la mkono.

Kwenye lifti akanionya. "Bosi akijua nimerudi huku, atakuwa ameshinda, na hatutakaa kwa amani. Mwalimu akijua, atanipigia hesabu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Meno yalirudi wiki iliyofuata, yameungwa vizuri. Wanawe wakakusanyika sebuleni kudai hukumu. Metroni alimsikiliza mmoja, akamsikiliza mwingine, akasema ushahidi hautoshi. Siku ile meno hayakuwa yamezoea, na siku ile nyingine yalipotea, kwa hiyo kesi inaanza upya. Tangu hapo Bosi humpeleka kule juu mwanzo wa mwezi, mke wangu kwenye kuku katikati ya mwezi, na kila mmoja ana hakika kwamba bado mlo mmoja tu ashinde. Gauni la Jumamosi limeshafumuliwa kiunoni mara mbili. Jana nilimsikia akimwambia Bosi kwenye simu kwamba anaelekea kushawishika, ila angependa kwanza kumwonja bata.