Cherehani Namba Kumi na Nne

Mzee Spana alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena kiwandani, na mtu yule akiapa, ameapa. Lakini binti yake, aliyekuwa akiishi naye tangu mama mtu afariki miaka miwili nyuma, alikuwa amerithi ukaidi uleule na kuongeza wake. Asubuhi ya Jumamosi alimpigia pasi shati, akamtia fimbo mkononi.

"Baba, wenzako wote wanakwenda. Utabaki hapa kununiana na redio?"

Basi akaenda, uso kaukunja.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kushona mashati, na kilikuwa kimefungwa miaka kumi na tisa. Sasa kilikuwa kinageuzwa ukumbi wa mtaa, na msanii mmoja, msichana mrefu mwenye wino vidoleni, alikuwa amewaita wote waliowahi kufanya kazi pale watengeneze kitu cha kubaki humo. Hakutaka kuwachora yeye. Alitaka wachore wao, waseme wao, wapige kelele wao. Wiki ya kwanza walidarizi majina yao kwenye kitambaa kirefu cha kutundikwa ukutani. Wiki ya pili walileta picha za ujana, wakachekana mitindo ya nywele mpaka mbavu zikauma. Wiki hii ilikuwa zamu ya sauti.

Mzee alisimama mlangoni. Mashine zilikuwa zimeuzwa zamani, lakini msanii alikuwa amechora sakafuni kwa chaki nafasi ya kila cherehani, mistari minne, kumi kila mstari, na namba katika kila kisanduku. Mabinti wa enzi hizo, sasa mabibi wote, walikuwa wakitembea katikati ya chaki kwa uangalifu, wakipinda kiuno pale palipokuwa na kona ya meza. Meza haikuwepo, ila viuno vilikuwa havijaambiwa. Mzee alisikia hata harufu ya mafuta ya cherehani, na hapakuwa na tone la mafuta humo ndani.

Yeye alikuwa fundi wa mashine zile kwa miaka thelathini na moja. Siku hizo cherehani ikigoma, mshonaji hakuruhusiwa kuinuka wala kuita. Alifunga kitambaa chekundu kwenye taa yake, akakunja mikono, akangoja fundi. Na kuna mwaka kitambaa hicho hakikubanduka kwenye taa ya namba kumi na nne kwa miezi kumi na moja. Alikuwa akishona hapo msichana mmoja mshona kola, mkimya kama hayupo. Fundi alibadilisha mkanda mara tatu, akabadilisha mota, akalala na kitabu cha mashine kifuani. Alikuwa akiiacha nzima, lakini siku tatu hazipiti, imeanza tena kuchechemea na kuruka mishono. Wenzake walimtania mpaka akawa anakula peke yake stoo. Msimamizi alimwita ofisini, nusura amwage unga.

Mwisho, kwa aibu kuliko kwa ujasiri, akamposa yule msichana. Akajibiwa neno moja tu: "Haya." Na tangu siku ile namba kumi na nne haikuugua tena. Fundi akasema labda mota mpya imezoea.

Walikaa pamoja miaka arobaini na moja, wakazaa, wakalea. Lakini moyoni alikuwa na donda asilomwonyesha mtu: aliamini mkewe alimkubali kwa huruma tu, fundi aliyeshindwa na mashine moja mbele ya kiwanda kizima. Hakuwahi kumuuliza. Mke naye, mtu wa maneno ya kuhesabu, hakuwahi kusema. Sasa wa kuulizwa hayupo.

Msanii aliweka kinasa sauti katikati ya ukumbi. Kila mmoja aliingia kwenye kisanduku chake, akatoa sauti ya cherehani yake kwa mdomo, kwa viganja, kwa kisigino. Namba tatu ilivuma puani. Namba tisa ilikohoa kabla ya kuwaka, na wote wakapiga makofi, kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Waliokufa walitolewa sauti na majirani zao wa meza. Ilipofika kumi na nne, akaingia Bi Sindano, mama mwembamba aliyekaa namba kumi na tano, shoga wa marehemu tangu usichana.

"Ta-ta-ta-ta-kwa! Ta-ta-ta-ta-kwa!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Spana! Njoo, mgonjwa wako huyo!"

"Futa hiyo!" Mzee alikuwa ameshafika katikati, fimbo juu. "Nimetengeneza mashine arobaini miaka thelathini na moja. Wajukuu waje humu wasikie ile moja niliyoshindwa? Ipigwe nzima au isipigwe kabisa!"

Kicheko kikakatika. Msanii akaweka kidole kwenye kitufe. "Babu, kazi hii ni yenu, si yangu. Mkisema ifutwe, nafuta."

"Ukifuta hiyo, shemeji," Bi Sindano akamwambia mzee, "umemfuta mwenzangu."

"Mwenzako yupi? Hiyo si mashine?"

Bi Sindano alitazama chini, kwenye chaki. "Aliniapisha. Nimenyamaza mpaka nimemzika. Anisamehe huko aliko. Wewe ulikuwa unaitengeneza vizuri, shemeji. Kila mara. Ukishapiga kona tu, anatia mkono chini ya meza, analegeza skrubu ya yale meno yanayosukuma kitambaa. Nusu mzunguko. Kwa ncha ya mkasi wangu."

"Kwa nini?" Swali la kijinga, lakini mzee wa watu alikuwa ameduwaa.

"Kwa nini! Ulikuwa unapita na kopo lako la mafuta, humtazami mtu, unatazama mashine. Na yeye kuongea hawezi. Akaniambia, nitamwita mpaka aniangalie."

"Mkanda nimebadilisha mara tatu!"

"Tulikuona."

"Msimamizi alitaka kunifukuza!"

"Siku ile alilia chooni mpaka kengele ikagonga. Ndiyo maana ulipomposa, alijibu hujamaliza."

Mzee alikuwa akimwona mkewe sasa, mikono imekunjwa mapajani, na kale katabasamu alikokachukulia kuwa ni huruma. Miaka yote hiyo alidhani ameonewa huruma. Kumbe alikuwa amewindwa. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote na hakuyafuta. Alikuwa na furaha, na alitamani kwenda nyumbani kumgombeza.

"Babu," msanii akauliza taratibu, "nifute?"

"Thubutu!"

Akajishika kwenye fimbo, akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni, juu ya chaki, na shati lake la pasi. Akapiga sakafu kwa kiganja kumwonyesha Bi Sindano akae naye. Msanii alikiacha kinasa sauti kikizunguka.

"Haya, shemeji," akasema mzee. "Anza na ile siku ya kwanza kabisa. Alisemaje?"