Maji ya Chanjo

Uani pale, vyumba vinatazamana na mabanda ya kuku yamejipanga chini ya ukuta wa bafu, na aliyeaminiwa kwa maji alikuwa mmoja tu. Majirani walimwita Mama Usafi. Jina lenyewe lilikuwa nusu sifa, nusu kejeli, kwa sababu alikuwa mtu wa kuosha kikombe kabla ya kukitumia, akishakitumia akakiosha tena, halafu akakinusa. Lakini siku ya kuchanja kuku hakuna aliyemcheka. Kichupa kimoja cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku mtaa mzima, kinatosha kuku wengi kuliko alionao mpangaji mmoja, na kikishafunguliwa hakilali hadi kesho. Kwa hiyo walichanga uani kote wakanunua kimoja, na lazima mmoja awachanganyie wote.

"Achanganye Mama Usafi," alisema Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili anayeuza mkaa. "Mimi kwa mikono hii nitawachanja kuku masizi."

"Kwani fundi yeye hawezi?" aliuliza jirani mwingine.

"Fundi atawashona midomo!"

Fundi Cherehani alicheka bila kuondoa mguu kwenye cherehani yake. "Nisemeni tu. Jogoo wangu ndiye mkwe wenu nyote humu uani. Mnipe heshima yangu."

Walitaniana hivyo, lakini kila mmoja alijua kuku wale wamebeba nini. Nyama uani pale ilikuwa ya kusikia harufu kwa watu. Mtoto akila yai, basi siku hiyo amekula. Mama Usafi mwenyewe alikuwa na kitindamimba wake, binti mwembamba kama fimbo, ambaye nesi wa kliniki alimweka kwenye mizani akatikisa kichwa. "Mama, huyu mpe yai kila siku. Usimruke hata siku moja." Tangu hapo Mama Usafi alilala akiwaza kuku na kuamka akiwaza kuku.

Siku hiyo kuku walinyimwa maji tangu alfajiri, kama walivyoelekezwa dukani, ili chanjo ikiwekwa waikimbilie. Mama Usafi alichota maji kwenye pipa, akayatazama. Yalikuwa maji ya bomba la mtaani, na bomba lenyewe linapita ndani ya mtaro. Masika yaliyopita maji hayo yaliwaendesha watoto wa uani wote, mpaka kliniki ikagawa chupa za dawa ya kutibu maji ya kunywa, na yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwahimiza wenzake waitumie. Sasa chanjo waliyoichangia wote aitie kwenye maji machafu? Roho ilimkatalia. Akafungua chupa yake ya dawa ya maji, akatia kizibo kizima, akakoroga, akasubiri kama anavyosubiri kwa wanawe. Ndipo akamimina chanjo.

Kuku walikunywa mpaka wakadonoa vyombo vitupu. Mama Pacha akapiga kigelegele cha mzaha. "Hata mimi sijawahi kupewa maji yaliyoandaliwa hivyo!"

Kideri kilipoingia mtaani, wao walikuwa wametulia. Walisikia nyumba ya nyuma mabanda yameachwa matupu, wakasikitika kama anavyosikitika mtu ambaye msiba si wake. "Wetu wamechanjwa," Mama Pacha alimwambia kila mteja wa mkaa. "Kitapita mlangoni, kitatusalimia, kitaenda zake."

Hakikupita. Kuku wa Mama Pacha ndiye aliyeanza, kajikunyata kwenye kona, mabawa yameanguka kama khanga iliyolowa. Jioni shingo ikampinda ikawa inaangalia nyuma, na kinyesi chake kilikuwa kijani. Kesho yake mkwe wa uani, jogoo wa fundi, aliwika nusu, nusu nyingine haikutoka. Halafu banda hili, halafu lile. Mama Usafi akafunika la kwake kwa chandarua, akaondoa chandarua, akawahamishia kuku chumbani, akawarudisha nje. Hakukuwa na la kufanya, na mikono yake haikujua kukaa bure.

Akajifunga khanga, akaenda kwa muuza dawa za mifugo. Aliingia akiwa amevimba kwa hasira.

"Kaka yangu, umetuuzia maji ya chumvi. Kuku wetu wanakufa."

Muuza dawa hakukasirika. "Pole, dada. Wenzenu waliochukua siku hiyohiyo kuku wao wazima. Mlitunza kwenye baridi?"

"Kichupa nilikibeba na barafu mpaka nyumbani."

"Mlichanganya na maji gani?"

"Masafi kabisa," akasema, na hapo hata kiburi kidogo kilimpanda. "Niliyatia kwanza dawa ya maji, ile ya kliniki. Wanangu hawanywi bila hiyo."

Muuza dawa akaacha alichokuwa anafunga. Akavuta kiti, akamwambia akae, na kwa kuambiwa akae tu Mama Usafi akajua.

"Dada, chanjo ile ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kuku akivimeza, mwili wake unajifunza kupigana. Dawa ya maji kazi yake ni kuua vijidudu. Ikaviua. Kuku wenu walikunywa maji tu."

"Sasa tuwape nini?"

"Walioshaugua hawana dawa."

"Na wazima?"

"Ugonjwa uko bandani tayari. Utawapa nini?" Akatazama chini. "Kosa langu pia. Sikukwambia, nilidhani unajua."

Njia yote ya kurudi alipanga maneno, na alipofika uani yote yalimtoka. Wenzake walikuwa wamesimama mbele ya rundo la manyoya, wakimlaani muuza dawa. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Lakini alifikiri, nikinyamaza, kesho mwingine atachanganya kama mimi. Akasema yote: maji, kizibo, alivyoambiwa dukani. Akangoja matusi.

Matusi hayakuja. Ingekuwa afadhali yangekuja.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Pacha polepole. "Dawa ile ya maji ndiyo iliyoua?"

"Iliua chanjo. Vijidudu vya ndani ya chanjo."

"Dawa imeua dawa. Na hiyohiyo ndiyo ninayowatilia pacha wangu kila siku?"

"Shoga, hapana. Watu haiwadhuru, inaua vya kuharisha..."

"Hata kuku ulidhani itawafaa."

Jibu alikuwa nalo kichwani, muuza dawa alilisema vizuri kabisa, lakini kila alipolianza kwa mdomo wake liligeuka upuuzi. Mke wa fundi aliingia ndani akatoka na chupa yake, akaimimina mtaroni. Mwingine akafuata. Ile harufu kali aliyozoea kuiita harufu ya usafi ikapanda ikamwingia puani.

"Jamani, wenzangu, masika yanakuja! Twendeni kwa nesi, awaeleze yeye, msinisikilize mimi!"

"Mama," Fundi Cherehani alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya hata kidogo, "umeshatuchanganyia ya kutosha. Leo pumzika."

Mmoja wa pacha alipita katikati yao na kikombe chake, akakanyaga tofali, akainamia pipa.

"Subiri, mwanangu! Hayo bado hayaja..."

"Mwache," alisema Mama Pacha. "Kunywa, baba. Ni maji matupu hayo."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama Mama Usafi, akaona hakuna anayemnyang'anya. Akanywa kikombe chote, akachota kingine.