Kipa Aliyefuliwa

Vitambaa vya makochi vilikuwa vimetundikwa ukutani, na hilo peke yake lilimchekesha Agathe. Kwao Bukavu kitambaa cha namna hii huegemewa na wageni. Hapa Lewisham, London, katika ukumbi wa kanisa, wageni wangesimama mbele yake na kukitazama.

Kila mwanamke wa kikundi cha Jumamosi alikuwa amedarizi kisa chake. Hemali, msanii wa Kingsbury aliyewafundisha, ambaye Kiswahili alikipata kwa wazazi wake, Wahindi wa Kisumu, aliweka sharti moja: mwenye kisa ndiye anayechagua cha kuonyesha. Kwa Agathe, msafishaji wa ofisi, sharti hilo halikuwa dogo. Tangu afike Uingereza, maisha yake yalikuwa yakisimuliwa na mawakili na wakalimani, na kila mara yalianza na vita. Safari hii alichagua penalti. Aliwahi kuwa kipa wa timu ya wanawake ya mtaa wao, na katika fainali aliokoa mkwaju wa mwisho. Hakutaka kuhutubia mtu. Kitambaa kingesema.

Alidarizi nguzo, wavu, mpigaji na mashabiki. Kipa na mpira alivichora kwa chaki ya fundi cherehani, avimalizie kwa uzi asubuhi ya maonyesho.

Asubuhi hiyo alikuta goli tupu.

"Nani amegusa kitambaa changu?"

"Mimi," alisema Restuta, nesi kutoka Bukoba. "Jana nilivibeba vyote nyumbani. Nimefua, nimetia wanga, nimepiga pasi. Au ulitaka wageni wavikute vimekunjamana kama uso wangu nikitoka shifti?"

"Umefua kipa wangu!"

"Kipa gani?"

"Wa chaki!"

Restuta alikitazama kitambaa, cheupe na kigumu kama karatasi. Agathe hakuweza hata kumkasirikia. Yeye mwenyewe asingewatandikia wageni kitambaa kisichotiwa wanga.

Wageni walianza kuingia. Sindano haikuwa na muda tena. Punde kundi likajaa mbele ya goli tupu, na Hemali, ambaye hakuwa amesikia lolote, akawaeleza kwa Kiingereza kwamba kipa amechukuliwa na vita. Mama mmoja mwenye koti la kijani alifuta machozi.

Agathe alielewa Kiingereza cha kutosha.

"Hemali, dada, unasema nini?"

"Nawaeleza habari za marehemu. Agathe, pengo hili limenitetemesha!"

"Marehemu gani? Kipa hakuna kufa! Njo miye huyu, kipa mwenyewe. Amefuliwa na Mama Restuta!"

Hemali aliwatupia wageni jicho. "Sasa niwaambie nini?"

Agathe aliutazama umati. Angenyamaza, kisa kingebaki cha vita, kama vingine vyote.

"Nitasema miye. Weye fasiri tu. Usiongeze kitu."

Aliweka viti viwili chini ya kitambaa viwe nguzo, akavua viatu. Akaanza kusimulia, sauti yake chini kwanza, kisha ikapanda. Siku ya fainali mvua ilikuwa imenyesha. Uwanja ulikuwa tope. Mpigaji, Raïssa, alikuwa na tabia ya kutazama upande ambao hatapiga, na Agathe alikuwa amemchunguza mechi nzima.

"Mimi ndiye Raïssa!" Restuta alidaka neno, akanyakua donge la uzi na kuliweka sakafuni.

"Raïssa hakuwa na tumbo hilo!"

"Kaa golini, acha maneno!"

Restuta alitazama kulia, akapiga kushoto. Agathe aliruka, akaanguka ubavu, kiti kikapinduka, na donge la uzi likabaki kifuani mwake. Ukumbi ulilipuka. Waliokuwa mlangoni walikimbilia ndani. Hemali alikuwa akipiga kelele kwa Kigujarati, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Yule mama wa koti la kijani alisogea. Kupitia kwa Hemali aliuliza, kwa upole, vita vilimpataje Agathe.

Agathe alikuwa ameshainuka, anasimamisha kiti.

"Mwambie leo ni penalti," alisema, akamrushia donge la uzi. "Apige na yeye."

Mama yule alilishika kidogo. Kisha akavua koti.