Benchi la Herufi

Saa moja asubuhi foleni ya kliniki ya wajawazito ilikuwa imeshajaa baraza yote, na Fundi Herufi ilibidi aombe njia huku amebeba ubao begani.

"Samahani, mama. Samahani, dada. Usinyanyuke, nitaruka."

Nyuma yake mkwewe, mke wa mwanawe, alikuja na ndoo ya brashi na makopo manne ya rangi. Yalitakiwa manane. Karani wa stoo alikuwa ameisoma karatasi yao ya kuombea rangi, akakuna shingo, akasema karatasi ni ya mwaka jana na bei ni za mwaka huu.

"Chukueni manne," alisema. "Mpake nyembambanyembamba."

Benchi lilikuwa moja, la watu watano. Wanawake wengine ishirini na sita walikaa sakafuni au walisimama wakiwa wamejishika viuno. Juu ya benchi, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, ukuta ulikuwa mtupu. Hapo ndipo ofisi ilipotaka picha ya mama mjamzito pamoja na maneno: MAMA MJAMZITO, WAHI MAPEMA.

Miaka thelathini Fundi Herufi alikuwa ameandika maneno ya watu kwenye maduka, milango ya magari na mageti ya shule, na miaka yote hiyo alifanya peke yake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Lakini siku hizi wenye maduka walipenda mabango ya mashine, na wachache waliobaki walitaka sura za watu, kazi ambayo hakuiweza. Juu ya hayo bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Mkono ukifika usawa wa sikio, basi, haupandi tena. Ndipo siku moja wakati wa chakula akaiambia sahani yake, kwa sababu kumtazama mkwe usoni si adabu:

"Nasikia unajua kuchora sura."

"Kidogo tu, baba," mkwe naye akaijibu sahani yake.

Kidogo! Nusu ya saluni za mtaa zilikuwa na vichwa alivyochora yeye.

Sasa walikuwa wamesimama juu ya ubao mmoja uliolazwa kwenye mapipa mawili, kila mmoja akijibana upande wake asije akamgusa mwenzake kiwiko.

"Mama nimchore wapi, baba?"

"Popote utakapoona panafaa, mwanangu."

Fundi akapiga mistari ya chaki, akaanza herufi zake. Zilikuwa kubwa, nyekundu, nono, zikameza theluthi mbili za ukuta. Mkwe aliona. Akasema, "Zimependeza, baba." Naye akaanza kumchora mama, ambaye alikuwa mkubwa pia, na kichwa chake kilikuwa kinapanda moja kwa moja kwenda kugonga neno MJAMZITO. Fundi aliona. Akasema, "Vizuri sana, mwanangu."

Adabu hiyo ndiyo iliyowaharibia asubuhi. Mkwe alipoona kichwa kitagonga maneno, alimfupisha mama shingo. Fundi alipoona tumbo linaingia kwenye neno WAHI, alilibana neno likawa kama limeminywa na mlango. Kila mmoja alimpisha mwenzake kimyakimya, na kadiri walivyopishana ndivyo ukuta ulivyozidi kuharibika. Kufika saa tano, mama mjamzito hakuwa na shingo kabisa, na herufi J ilikuwa imesimama utosini mwake.

Sakafuni palikuwa na mwanamke mmoja mnene, mwenye mimba ya mapacha, amenyoosha miguu iliyovimba. Alikuwa amewatazama tangu asubuhi kwa kukosa cha kutazama.

"Jamani," akasema, "huyo mwenzetu shingo kaiacha nyumbani?"

"J imemkalia kichwani," akajibu jirani yake.

"Ndiyo maana anaambiwa awahi. Hali yake mbaya."

Baraza likaangua kicheko. Hata nesi akachungulia dirishani. Mkwe akateremka ubaoni, akaelekea bombani nyuma ya jengo. Fundi akamfuata. Akamkuta ananawa uso ambao haukuwa na rangi hata tone.

Wakakaa juu ya matofali, kila mmoja akitazama upande wake.

"Uliona?" Fundi akauliza.

"Niliona, baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoandika ile M ya kwanza."

"Na ukaniambia zimependeza."

"Ningesemaje? Wewe ni baba."

Fundi akasugua bega lake. "Na mimi niliona mama uliyemchora ana kichwa kama tikiti. Nikasema vizuri sana."

"Kama tikiti?"

"Tikiti la maonyesho ya kilimo."

Mkwe akageuka, akamtazama machoni. Miaka miwili tangu aolewe, hajawahi. "Na herufi zako, baba, zinapiga kelele. Kama muuzaji anayeogopa nyanya zitamwozea. Mtu ana mimba, miguu imevimba, ameamka alfajiri, kisha anafokewa na ukuta."

Hilo lilimchoma. Katika miaka thelathini watu walikuwa wamelalamikia bei yake na uchelewaji wake, lakini herufi zake, hakuna aliyethubutu. Akaitazama ndoo ya mtu iliyokuwa bombani mpaka ikajaa, ikamwagika.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Tukiwa chini, mimi ni baba mkwe wako na mambo yabaki yalivyo. Tukiwa juu ya ule ubao, mimi fundi, wewe fundi. Fundi anayeona kosa la mwenzake akanyamaza anaiibia kazi."

"Na nikisema, ukikasirika je?"

"Nitakasirika. Halafu tutaendelea."

Walirudi, wakafuta ukuta kwa mafuta ya taa. Nyekundu, bluu, njano na nyeusi zikachanganyika kwenye matambara, zikawa kahawia moja nzito. Fundi alitaka kuimwaga. Mkwe akamzuia, akaikamulia kwenye kopo tupu. "Hii ni ngozi ya watu," alisema. "Tusiitupe."

Kisha akasimama kando ya baraza, akatazama foleni, kitu ambacho hakuna kati yao aliyekuwa amekifanya tangu waingie.

"Baba. Samahani. Fundi."

"Sema, fundi."

"Angalia wanavyokaa. Huyu kamwegemea yule. Yule kavua viatu. Tuwachore hawa. Na herufi zako zishuke, ziwe benchi. Wakae juu yake."

"Wakae juu ya herufi?"

"Ndiyo."

"Herufi haikaliwi! Herufi inasomwa!"

"Basi wasomeshe wakiwa wamekaa. Benchi lenyewe halitoshi, huoni?"

Walibishana hapo juu ya ubao kwa sauti, mikono ikirushwa huku na huku, na foleni ikanyamaza ili isikose neno. Fundi alisema hajawahi kuona ujinga kama huo. Mkwe alisema basi aone leo. Fundi akakasirika, kama alivyoahidi. Akachukua chaki, akapiga M moja pana chini ya ukuta, kwa hasira, kumwonyesha kwamba haiwezekani. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kuiangalia.

"Hii inaweza kubeba watu wawili," akasema polepole. "Lakini A ina ncha. Nani atakaa kwenye ncha?"

"Ikate kichwa."

"Niikate A kichwa?"

"Huyu mama ana mapacha, fundi. Unataka akae kwenye ncha?"

Akaikata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubadilisha herufi kwa ajili ya mtu. Akazipa herufi miguu minene kama ya meza, akaziachia nafasi ya kupumua, akazipaka ile bluu iliyobaki, ambayo haikupiga kelele. MAMA MJAMZITO aliliandika dogo pembeni. WAHI MAPEMA ndilo likawa benchi. Mkono wake haukuhitaji kupanda tena. Yeye alifanya kazi chini, mkwe akafanya juu, na viwiko vikagongana mara nyingi tu, hakuna aliyeomba radhi.

"Mguu wa huyu unaziba P yangu."

"Utasogea. Na E yako imelala."

"Imechoka, inabeba mtu." Lakini akainyoosha.

Foleni nayo ikaingia kazini. Mmoja alitaka achorwe na kovu lake. Mwingine alisema viatu vyake viwekwe pembeni, vinambana. Mwenye mapacha alikaa kwa ajili ya picha kwa saa nzima, kidevu juu, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Ilipofika zamu yake kwa nesi alimwambia wa nyuma yake, "Tangulia wewe, mimi niko kazini." Mkwe alipoelemewa, alimpa Fundi brashi nyembamba na kumwambia achore mkoba. Akachora. Ulifanana na jiwe.

"Kamba yake inaning'inia, haisimami," mkwe akasema.

"Sawa, sawa," Fundi akanung'unika, akaufuta na kuurudia mara tatu, mpaka ukawa mkoba.

Kufika saa kumi, wanawake sita walikuwa wamekaa juu ya WAHI MAPEMA. Mmoja anapiga miayo, mmoja ameegemea bega la mwenzake, mmoja anasugua kiuno, na mwenye mapacha yuko juu ya M peke yake, kwa kuwa aliijaza. Nesi alitoka, akasimama muda mrefu. Kisha akaita kwa sauti ya kazini, akiuambia ukuta, "Haya, nani anafuata?" Watu wakacheka mpaka mmoja akaomba jamani waache, atajifungulia hapohapo.

Asubuhi iliyofuata akaja katibu wa kliniki, faili kwapani. Mafundi walikuwa wanakusanya vyombo.

"Kwa nini wako wengi?"

"Wako sita tu, mheshimiwa," Fundi akasema.

"Wanafanya nini?"

"Wamekaa."

"Wanasubiri!" Katibu akagonga ukuta kwa faili. "Kesho wageni wanatoka makao makuu. Wakiona hivi watadhani hapa watu wanasubiri."

Nyuma yake wanawake wa foleni, wengi kuliko jana, walimtazama bila kupepesa.

"Mwacheni mmoja, huyu wa mwanzo. Na atabasamu. Wengine wafuteni."

"Rangi imeisha, mheshimiwa. Tulipewa makopo manne."

"Nyeupe ipo. Ndoo nzima, imebaki nilipopakiwa ofisi."

Fundi akaweka chini kopo alilokuwa ameshika. "Sawa, mheshimiwa."

Ndoo ililetwa. Mkwe alikuwa ameshapanda ubaoni, amewapa watu mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Fundi akachovya kidole ndani ya ile nyeupe, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Ilikuwa rangi ya maji. Wale wanawake walikuwa wa rangi ya mafuta, wamekauka, wanang'aa. Hakuna fundi asiyejua kwamba rangi ya maji juu ya mafuta, bila ukuta kusuguliwa kwanza, hushika kwa muda tu, kama unga kwenye chupa.

Akapanda, akamsogezea ndoo. Mkwe naye akachovya kidole. Akafuta macho kwa mkono.

"Fundi," akasema, sauti kavu, "tusugue kwanza kwa msasa?"

Fundi akatazama kwenye ndoo ya vyombo. Karatasi tatu za msasa zilikuwa juu kabisa, mpya.

"Msasa umeisha," akasema.

Mkwe akachungulia naye. "Kweli. Naona umeisha."

Wakapaka kwa unadhifu, tabaka mbilimbili, bila kuacha alama ya brashi, wakizunguka kila herufi kwa uangalifu. Yule wa mwanzo mkwe akamtia tabasamu kwa masalio ya makopo. Kujua hakukuifanya kazi iwe nyepesi. Mkwe aliiacha miguu iliyovimba mpaka mwisho, na alipoifikia alipaka amefumba macho.

"Mmenifuta!" mwenye mapacha akapiga kelele. Siku hiyo alikuwa amerudi kwa ajili ya majibu ya vipimo. "Mimi na watoto wangu wawili!"

Dirisha la katibu lilikuwa wazi. "Vumilia, mama," ndilo pekee Fundi aliloweza kusema.

Kesho yake, Jumamosi, wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya mama mmoja anayetabasamu, wakasifu usafi, wakaondoka.

Wiki ya tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama kwenye foleni tangu alfajiri aliegemea ukuta, akahisi kitu kimevimba nyuma ya kichwa chake. Akageuka. Nyeupe ilikuwa imefanya lengelenge. Akaingiza ukucha, akavuta, na ukanda mzima ukatoka kama ngozi ya yai la kuchemsha. Jicho likamtazama. Akamwita wa pembeni yake. Wa pembeni akaanza kwake, akapata kiatu kilichovuliwa. Hakuna aliyewatuma. Kila foleni ya asubuhi ilibandua kidogo, kwa utulivu, hapa kidevu, pale mkoba, vipande vyeupe vikianguka sakafuni na mfagizi akivizoa bila kuuliza.

Mwisho wa mwezi, sita wote walikuwa wamekaa tena. Katibu alimwita nesi, akataka kujua ni nani hasa aliyefanya jambo lile.

"Hakuna aliyefanya kitu, mheshimiwa," nesi akajibu. "Watu walikuwa wanasubiri tu."