Saa Sita Kasoro Dakika Tano

Ijumaa ile, saa sita kasoro dakika tano mchana, Firmin, mhudumu wa ukumbi wa mikutano jijini Brussels, alipanda ngazi akaisimamisha saa ya ukutani. Ndiyo desturi ya wanadiplomasia: muda wa mwisho ukiwadia na wino haujamwagwa, saa husimamishwa, mazungumzo yakaendelea. Wajumbe wanne walikuwa wakijadili watu mia nne waliokwama kwenye daraja la mpakani. Saa sita ikigonga bila saini, daraja lingefungwa daima.

Lieven Drossaert, mjumbe wa Ubelgiji, alikuwa na miaka thelathini na mitano, shati jeupe, na agizo moja kutoka kwa waziri wake: usisaini kabla ya wenzako. Wenzake watatu walikuwa na agizo hilohilo. Wakakaa.

Nje miaka ilipita. Ndani kahawa haikupoa, wala Firmin hakuota mvi. Darajani nako ilibaki saa sita kasoro tano: supu ilifuka mvuke uleule, na mwanamke mmoja aliyeshikwa na uchungu aliendelea kushika kiuno, mtoto hatoki. Magazeti yalimpiga picha kila mwaka.

Lieven alipanda cheo vizuri tu. Ubalozi aliupata akiwa kitini. Kisha chama kikamsimamisha kugombea ubunge, akashinda, maana mtu asiyeonekana ni vigumu kumchukia. Mkewe, Hilde, alimletea mashati mlangoni mpaka alipozikwa Ghent, siku ya mvua. Lieven alilia kwa uchungu, lakini hakwenda. Anayetoka saa ikiwa imesimamishwa, nchi yake huhesabiwa imejitoa.

Jumanne moja akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Binti yake Maaike, aliyeachwa akiwa na miaka sita, alifika kwa treni akiwa na miaka hamsini na minane, magoti yakimuuma, na mashati mkononi, kazi aliyoirithi kwa mama yake.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema. "Sasa agizo linatoka kwa nani?"

"Kwa waziri."

"Na waziri ni nani, baba?"

Lieven alinyoosha tai. "Mambo si mepesi hivyo, mwanangu. Uchaguzi umekaribia. Nikitangulia kusaini, watasema nimewauza."

"Watasema nani? Waliokuchagua mara ya kwanza wako makaburini! Yule mama ana uchungu tangu nina miaka sita. Mimi nimezaa, nina wajukuu, yeye bado yuko palepale. Cheo ni dhamana, baba."

"Binti kasema kweli, Mheshimiwa," Firmin alisema, akipanga vikombe.

Lieven akaomba karatasi. Aliandika polepole, kwa mjumbe wa Ubelgiji, akagonga muhuri. Maaike alishika ukingo wa meza. Firmin aliweka barua kwenye sinia, akaizunguka meza yote kama utaratibu unavyotaka, akamkabidhi Lieven. Lieven alisimama, maana barua ya waziri haisomwi umekaa, akaifungua.

"Usisaini kabla ya wenzako," alisoma. Akaikunja. Huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Unaona, mwanangu? Nimefungwa mikono."

Maaike aliweka mashati mezani, akambusu shavuni.

"Haya ndiyo ya mwisho," alisema. "Ngazi za kituoni siziwezi tena."

Mlango ulipofungwa, Lieven alivaa shati jipya. Lilimkaa sawasawa, kama siku ya kwanza. Akanywa kahawa, ilikuwa bado moto.