Friji ya Mwenye Nyumba

Wairimu Kamande alifika nyumbani kwake Hyattsville, jimbo la Maryland huko Marekani, saa kumi na moja na nusu jioni, akitoka kazini kuhudumia wazee. Alivua viatu, akaenda kutoa maziwa ya chai, na kwenye mlango wa friji akakuta kinaonyeshwa kipindi cha Mwali wa Mvua, sehemu ya kwanza, kile cha zamani, rangi zimepauka. Akavuta kiti.

Kipindi hicho alikiandika yeye, huko Nairobi, akiwa karani wa kupiga taipu katika kituo cha televisheni. Bosi wake, Festus, alitia jina lake mwenyewe. Baadaye kituo kiliishiwa na kanda, kikarekodi mechi za mpira juu ya sehemu zote ishirini. Sasa kampuni moja ya filamu ilikuwa imekitengeneza upya, na mwishoni yakapita maandishi kwamba hadithi ni ya Festus. Jambo hilo lilimuuma Wairimu hasa. Hakutaka kingine ila jina lake.

Aliwaandikia barua saba. Walimjibu moja, wakaomba ushahidi.

Friji ilionyesha sehemu moja kila jioni, na ilipomaliza ya ishirini ikaanza upya. Jirani yake Leonard, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na anayekisema kwa usafi wa kuwaaibisha Wakenya, alikuja na daftari. Waliwasha kipindi kipya kwenye televisheni, cha zamani kikiendelea kwenye friji, wakalinganisha. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: kipya kina radi safi na mawingu ya kutisha. Mawingu ya zamani yalikuwa pamba ya hospitali, na mara nyingine mpira ulikatiza angani, golikipa akiufuata. Lakini Mwali wa zamani alimkataa chifu, akaondoka na mvua yake. Huyu wa sasa aliolewa sehemu ya sita, akavishwa taji.

"Taji la nini?" Wairimu aliuliza. "Mimi nilimwandika aende."

Walijaribu kupiga picha kwa simu, wakapata mlango mweupe tu. Basi Wairimu akaipigia kampuni kila siku wiki tatu mfululizo, saa ya mapumziko ya kazini, mpaka wakachoka naye wakamtuma wakili wao, msichana wa Kikenya aitwaye Abigail.

Abigail aliitazama sehemu ya mwisho akiwa amesimama, kisha akaketi. Mwali alipoondoka, Abigail alitoa tishu akafuta macho.

"Hii ndiyo hadithi, Mama," alisema. "Sisi tuliiharibu."

"Basi andikeni jina langu."

Abigail aliyasoma maandishi yaliyokuwa yakipita mlangoni. "Hata hapa pameandikwa Festus," alisema kwa upole. Kisha akauliza friji ni ya nani. Wairimu, ambaye hajui kudanganya, alisema ni ya mwenye nyumba, aliikuta pale pamoja na jiko.

Kampuni ikaelewana na mwenye nyumba. Alhamisi walikuja wanaume wawili na toroli, wakapanga sukuma wiki yake mezani vizuri, wakaichukua friji na kumwachia mpya inayotengeneza barafu. Leonard aliusoma mkataba wa nyumba ukurasa kwa ukurasa. Hawakuwa wamevunja sharti lolote, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Mwezi uliofuata kampuni, kwa njia wanayoijua wenyewe, ilikitoa kile cha zamani kwenye friji ikakirusha hewani. Watu walikisifu kuliko kipya, wakasema waandishi wa siku hizi hawana kitu. Mwishoni pakaja jina la Festus.

Wairimu alichukua kalamu ya wino mzito, ile anayoandikia majina ya wazee kwenye nguo zao zisipotee kwa dobi. Alisogea mpaka kwenye televisheni akaandika juu ya kioo, kwa herufi kubwa, kwamba mwandishi ni Wairimu Kamande. Leonard alimkumbusha kwamba wino ule hautoki.

"Najua," alisema. "Televisheni hii niliinunua mwenyewe."

Kwenye televisheni za watu wengine wote hadithi ni ya Festus hadi leo. Kwa Wairimu, taarifa ya habari, matangazo ya sabuni na hali ya hewa ya Maryland, vyote vimeandikwa na Wairimu Kamande.